Kipelekeni Kama Kilivyo

Mwalimu aliifungua kamusi yake pale pale mezani, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akacheka.

"Fundi, hii nitaisoma nikiwa nimesimama kwa kichwa?"

Nusu ya kamusi ilikuwa imeshonwa sawasawa, na nusu nyingine kichwa chini miguu juu. Wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao walinyoosha shingo, wakaona, wakacheka nao. Fundi mwenyewe akacheka, kwa kuwa mwenye duka hana ruhusa ya kununa mbele ya mteja, akasema, "Ah, huyo ni kijana ninayemfundisha kazi. Vijana wa siku hizi hawatulii. Niachie, mwalimu, kesho utaikuta imekaa vizuri."

Hapakuwa na kijana yeyote. Katika chumba kile cha mbele walikuwa wawili tu tangu walipooana: yeye, fundi wa kujalidi vitabu, upande wa dirisha, na mkewe, dobi, upande wa mlango, na katikati kamba ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Dobi alilisikia lile neno "kijana", akaliinamia shati la watu kana kwamba hakusikia. Pasi ilikaa kwenye kola muda zaidi kuliko ilivyostahili, na ilipoinuka iliacha alama yenye rangi ya chai. Shati lile ikabidi alilipe.

Wateja walipokwisha kuondoka alimwendea mumewe, akamwekea sindano na uzi kiganjani.

"Tunga."

"Toa utoto wako hapa, mwanamke."

"Tunga, fundi, nikuone."

Fundi akaulamba uzi, akauelekeza, ukapita pembeni. Akasogea dirishani, akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Mwishowe akamrudishia sindano yake.

"Hii sindano mbovu. Haina tundu."

"Nimeinunua jana," dobi akasema. Wakacheka wote wawili, kicheko cha pili siku ile, nacho kilikuwa kichungu kuliko cha kwanza.

Daktari wa macho hakuwa mtu wa kuzunguka. Jicho la kulia limeshakwenda, alisema, na la kushoto linalifuata. Likipasuliwa mwezi huu litabaki, likiachwa hakuna wa kulirudisha. Kisha akataja gharama kwa sauti ile ile. Dobi aliuliza kama mtu anaweza kulipa kidogo kidogo, kama watu wanavyolipia kabati. Daktari akasema jicho si kabati. Mwanamke wa mapokezi akainamisha uso ili asionekane akitabasamu, na dobi akamwona.

Nusu ya fedha walikuwa nayo. Nusu nyingine waliitafuta kwa ndugu na marafiki, na kila mlango waliobisha walikuta una mgonjwa wake. Wengine waliwaambia, "Mngekuja wiki iliyopita!" Watu wa namna hiyo wamejaa duniani, na lau ungewaendea hiyo wiki iliyopita wangekwambia uje wiki ijayo.

*

Chumba cha nyuma alikaa Shangazi yake fundi, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Miguu ilikuwa imemgomea, lakini macho yake yalikuwa makali hata kumwaibisha mtu. Dobi alikuwa akimpelekea mashuka meupe ayakague kabla ya kuyarudisha kwa wenyewe, na mara nyingi alioneshwa doa ambalo yeye hakuliona. Shangazi hakuwahi kuolewa. Majirani wa zamani walisema ni kiburi, wengine wakasema alikosa mtu, naye hakuwahi kumjibu hata mmoja.

"Nyie mnanong'ona humo ndani kana kwamba mimi ni ukuta," aliwaita asubuhi moja. "Njooni. Mwanangu, inua godoro. Si huko, upande wa ukutani."

Dobi aliinua, akakuta kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kitabu, tena chembamba, cha mashairi. Jalada lake la karatasi ngumu lilikuwa limepauka, mgongo umepasuka, kingo za kurasa zimekaa kama zilizotafunwa, na kila ulipofungua palikuwa na madoa ya kahawia. Katikati yake kilichomekwa kikadi cha duka la vitabu vya zamani.

"Vilipigwa chapa vichache," Shangazi alisema, "na vingi katika hivyo viliungua na ghala la mpiga chapa. Mzee mwenye hilo duka aliwahi kufika hapa akikitaka. Alikaa pale barazani mpaka jua likamfuata. Nikamfukuza."

"Kwa nini, Shangazi?" fundi akauliza.

"Nilikuwa sijabanwa. Sasa nimebanwa." Akakipapasa kitabu, akakisukuma kwa dobi haraka haraka, kama mtu anayeogopa kubadili nia. "Kipelekeni. Lakini kipelekeni kama kilivyo. Msikiguse."

"Shangazi, hiki si kitu chako cha siku nyingi?"

"Na wewe je, si mtoto wangu wa siku nyingi? Nendeni, mmenichosha." Akageukia ukutani, na hakuna aliyemwona uso.

*

Fundi alipiga simu, mkewe akiwa amebandika sikio ubavuni. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mwanamke. Mzee wa kwenye kikadi alikuwa ameshafariki, duka kaachiwa binti yake. Fundi alipoeleza ni kitabu gani na kimetoka kwa nani, upande wa pili ulinyamaza kidogo, kisha mwanamke akakohoa.

"Sawa," akasema, kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya. "Hali yake ikoje?"

"Hali?"

"Kimekaaje. Jalada, kurasa, mshono. Kwenye vitabu vya zamani, mzee, hali ndiyo inayosema bei."

Fundi akaupapasa mgongo uliopasuka. "Hali yake si mbaya."

"Basi niletee Ijumaa."

Walikiweka mezani wakakitazama, yaani dobi alikitazama na fundi alikipapasa. Hali yake ilikuwa mbaya, tena mbaya ya kutia haya. Uzi ulikuwa umelegea, na ukigeuza ukurasa vumbi la gundi kavu lilimwagika mapajani.

"Hali ndiyo inayosema bei," fundi akarudia.

"Basi kiseme vizuri," dobi akajibu. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata shati la marehemu mtu halipeleki sokoni bila kulifua."

"Shangazi kasema tusikiguse."

"Shangazi anatuonea huruma tusiingie gharama. Wewe humjui? Muulize kama ana njaa, atakwambia ameshiba. Ukimtii kwa kila neno utamzika kwa njaa." Akashika kiuno. "Mume wangu fundi wa vitabu, mimi dobi, halafu tunakwenda kwa mwenye duka lake na kitabu kichafu kuliko tambara la deki? Atasema sisi watu gani?"

Hapo ndipo alipomshinda. Uso wa fundi ukafunguka kwa namna ambayo dobi hakuwa ameiona tangu habari za jicho zilipoanza. Alikwenda kwenye sanduku lake, akapekua chini kabisa, akatoka na kipande cha ngozi nyekundu iliyoiva. Alikuwa amekitunza miaka na miaka, akingoja kitabu kitakachokistahili, na watu walikuwa wakimletea risiti na madaftari ya shule.

"Kama hii ndiyo kazi ya mwisho ya jicho hili," akasema, "basi na iwe kazi."

*

Alikifumua kwa kidole zaidi kuliko kwa jicho, akikata uzi wa kale mmoja mmoja, na kila fungu la karatasi lililoachia alimpa mkewe.

"Nitazamie madoa."

"Yapo tele. Na kuna mtu kachorachora humu."

"Watoto?"

"Mtu mzima. Ana mwandiko mzuri, mpumbavu huyo. Kajaza pembeni, kajaza katikati ya mistari, hapa kakata neno kaweka jingine. Sijui alikosa daftari."

Fundi alikileta kipande cha karatasi karibu na pua, akakigeuzia dirishani. Aliona weupe na juu yake kivuli. "Inatoka?"

Hakuna swali lililompendeza dobi kama hilo. Nyumba zenye mabati ya rangi na mageti ya chuma zilimtumia nguo zilizowashinda madobi wengine. "Doa la wino," akasema, "bado halijazaliwa la kunishinda mimi."

Alikamua limau, akatia chumvi na dawa kidogo aliyoijua mwenyewe, akachovya pamba. Hakusugua; aligusa na kuacha, akagusa na kuacha, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Wino ulikuwa mkuukuu, wa kahawia. Uligeuka manjano, manjano ikawa kama maziwa, na mwisho hapakuwa na kitu. Baadaye alizilaza karatasi juani kidogo, kisha akazipitishia pasi ya uvuguvugu katikati ya vitambaa viwili safi. Zilitoka nyeupe, zimenyooka kama mashuka ya wageni.

Kati ya yote aliyoyafuta alisoma mstari mmoja tu, tena kwa kuwa pamba ilikuwa imekauka na alikuwa akiikamua upya. Ulikuwa pembeni mwa shairi fupi. Ulisema: Neno hili nimelibadili baada ya kukusikia ukilisoma. Dobi akawaza kwamba watu wa zamani walikuwa na nafasi kweli, akapitisha pamba.

Fundi alizipanga kurasa, akazigonga mezani mpaka zikakaa sawa, akazitia kwenye mashine ya kukatia. Alivuta mkono wa mashine mara moja kila upande, na zile kingo zilizotafunwa zikaanguka sakafuni. Alishona kwa uzi mpya uliopakwa nta, dobi akimtungia sindano na kumtazamia kwa sauti kichwa cha kila fungu, "Juu... juu... geuza... juu." Akapaka gundi, akavika ngozi, akapasha chuma chake chembamba akakipitisha pembeni mwa jalada ikatokea mistari miwili iliyonyooka bila kutetereka. Jalada la zamani na vile vipande vya kingo dobi alivifagia akavitia jikoni kuwashia mkaa wa pasi.

Kitabu kilipokauka walikishika kwa zamu. Kilikuwa kizuri jamani, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu yaliyofuata yasije yakamfanya mtu adhani hawakujua kazi zao. Dobi alilengwalengwa na machozi.

"Tumwoneshe Shangazi?"

"Tukirudi," fundi akasema. "Tumwoneshe na fedha pamoja."

Wakakifunga kwenye kitambaa chake kile kile, na walipopita mlangoni pa chumba cha nyuma kwenda zao, Shangazi alikiona kitambaa tu. "Mmekishika vizuri?" aliuliza. Wakamjibu kwa pamoja kwamba wamekishika vizuri mno.

*

Duka lilikuwa dogo kuliko walivyofikiri, rafu mpaka darini, na mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miguu peku, viatu vyake vimewekwa mlangoni. Aliwakalisha, akawapa maji, akatandika karatasi safi mezani kabla ya kupokea kifurushi. Alikifungua kitambaa upesi upesi. Mikono yake ikasimama.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho," fundi akasema, kifua kimetuna. "Kazi ya mkono wangu mwenyewe."

Mwenye duka alikigeuza. Akapitisha kidole kwenye ngozi, kwenye ile mistari miwili, kwenye mgongo. "Mshono kama huu sijauona siku nyingi," akasema taratibu. "Una mkono mzuri sana, mzee."

Fundi akatabasamu upande wa sauti ilikotoka. Dobi hakutabasamu. Yeye alikuwa amepeleka nguo kwenye milango mingi, na aliijua ile sifa inayotangulia neno "ila".

"Ila jalada lake la kwanza liko wapi?"

"Lile lilikuwa bovu, mama," fundi akasema. "Lilikuwa limepasuka kabisa."

"Najua. Liko wapi?"

"Tuliwashia jiko," dobi akasema.

Mwenye duka akavuta pumzi. "Sisi watu wa vitabu vya zamani ni kama wagonjwa," alisema, na sauti yake haikuwa ya kugomba. "Tunanunua ubovu. Jalada lililochakaa ndilo linalotuambia kitabu kimetoka wapi. Kingo hizi mlizokata, mpiga chapa aliziacha makusudi, hakuzikata. Kila mtu anayenijia hapa namwuliza hali, nikiwa na maana kwamba hakijaguswa." Akakifungua. "Lakini hayo ningeyameza. Hayo yana bei yake."

Alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Akainuka, akakipeleka dirishani, akakiinua kwenye mwanga, akakilaza ubavu. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwandiko uko wapi?"

"Mwandiko gani?" fundi aliuliza, na aliuliza kweli.

"Wa mtunzi. Marehemu baba alikishika kitabu hiki mara moja tu maishani, nyumbani kwa mwanamke mmoja, na mpaka anakufa hakuacha kukisimulia. Mtunzi aliyasahihisha mashairi yake yote humu kwa mkono wake, akampa huyo mwanamke, na masahihisho yale hayakupigwa chapa popote. Kitabu kitupu, nikitafuta sana, naweza kukipata kingine. Mwandiko ule haukuwa na wa pili."

Dobi alisikia feni ikikwaruza. Fundi alikuwa amekaa vile vile, tabasamu limemsahau usoni. Kichwa chake kikageuka polepole upande alipokuwa mkewe, na dobi akajua kwamba analikumbuka swali lake mwenyewe, "Inatoka?", na jibu alilopewa.

"Niliusafisha mimi," fundi akasema.

Dobi akafungua kinywa. Mkono wa mumewe ukapapasa mezani, ukaupata wake, ukaubana kwa nguvu.

"Mimi, mama. Niliona ni uchafu, nikausafisha. Mke wangu alikuwa na nguo zake za watu, hakujua lolote."

Mwenye duka aliyatazama macho ya fundi, ambayo yalikuwa yanaitazama rafu iliyo nyuma ya bega lake. Akamtazama dobi. Akaelewa, na hakusema. Na dobi naye hakusema. Mkono ulikuwa umembana, ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba kwa dakika ile alifurahi kufichwa, na furaha hiyo ndogo ndiyo atakayoichukia siku zote za maisha yake kuliko limau na kuliko chumvi.

"Kama tungekileta kama kilivyo," fundi akauliza, "ungetupa kiasi gani?"

"Mzee, haitakusaidia kujua."

"Niambie. Hata mfiwa huambiwa aliyekufa ni nani."

Akamwambia. Ilikuwa fedha ya jicho, na ya bati jipya, na ya godoro la Shangazi, na bado wangebaki na ya kukaa bila kuomba mtu mwaka mzima. Fundi akatikisa kichwa kama anayekubaliana na jambo la haki.

"Na mimi nina kosa langu," mwenye duka akasema. Alikuwa ameanza kukifunga kitabu kwenye kitambaa, na alikosea akafunga upya. "Kwenye simu nilitaka kukwambia usikiguse, na nilitaka kukuuliza mwandiko. Nikanyamaza. Mfanyabiashara haisifii mali kabla hajainunua, baba alinifundisha hivyo. Nisameheni."

Alitaja kiasi ambacho angeweza kutoa kwa ajili ya ngozi na mshono. Dobi alikipiga hesabu upesi kichwani. Hakikufika hata mlangoni kwa daktari. Hata hivyo angekipokea, maana mwenye shida hachagui, lakini fundi alikuwa ameshasimama.

"Ahsante, mama. Hiki ni cha Shangazi yangu. Kama hakifiki kwa daktari, basi kirudi kwa mwenyewe."

"Kumbe yu hai?" mwenye duka akauliza. Fundi akamjibu kwamba yu hai. Mwanamke yule akawasindikiza mpaka barabarani akiwa peku.

*

Walitembea. Dobi alimshika mumewe mkono kwenye makutano ya barabara, na baada ya kuvuka hakuuachia.

"Kwa nini ulisema uongo?"

"Uongo upi?"

"Fundi."

"Wewe unadhani mjini watu hawaongei?" Alisema bila hasira. "Wakisikia fundi kaharibu, ni kweli, fundi ni kipofu, kazi yake imekwisha. Wakisikia dobi kaharibu, nani atakuletea shati lake tena? Tutakula nini sisi watatu? Kuanzia leo jina lililobaki nyumbani ni lako."

Dobi alitaka kulia lakini barabara ilikuwa na watu. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wake hakungoja kuitwa mjukuu. Alikuwa keshaamka, keshavaa, anatembea katikati yao.

"Ni mimi niliyekushawishi," akasema. "Shangazi alitukataza, ukanikumbusha, nikakubishia."

"Na mimi nilitaka," fundi akajibu. "Usinipunguzie. Nilitaka kutumia ile ngozi."

*

Shangazi alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, amejitanda mtandio wake wa kutokea. Alikuwa amejiandaa kupokea habari.

"Walikipenda?"

Dobi alimwekea kifurushi mapajani. Shangazi akakitazama kitambaa, akawatazama wao, akafungua. Mkono wake ulitua kwenye ngozi nyekundu ukarudi nyuma.

"Hiki si changu."

"Ndicho, Shangazi," fundi akasema kutoka mlangoni.

Akakifungua. Hakutafuta, alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa alioutaka, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Akautazama. Akapitisha kidole pembeni. Akafungua mwingine. Kisha akarudi mwanzo akaanza kugeuza kurasa zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka, akilowesha kidole kwenye ulimi, na kurasa safi zikapita, moja na nyingine na nyingine.

"Shangazi," fundi akaanza, "ni mi..."

"Ni mimi," dobi akamkata. Alisogea mpaka kitandani, akapiga magoti, mikono mbele kama mtoto anayeoneshwa kucha. "Ni mimi niliyeyafuta. Nilidhani ni uchafu. Ulitukataza, nikasema unatuonea huruma tu. Mwanao hana kosa, hakuyaona. Ni mimi, kwa limau."

"Yote?"

"Yote, Shangazi."

Walingoja awagombeze. Wangelipa fedha ili awagombeze. Shangazi akafika ukurasa wa mwisho, akakifunga kitabu.

"Na jicho?"

"Hakikununuliwa," fundi akasema.

Hapo ndipo kidevu chake kilipotetemeka, mara moja, akakituliza. "Nilikubali yaondoke hapa," alisema. "Nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilijua yatakuwa kwa mtu." Akakunja na kukunjua pindo la mtandio. "Kuna siku nilitaka kuyakariri. Nikajiambia ya nini, si yamo humo, si nikiyataka nitafungua? Sasa kichwa nacho hakishiki kitu." Akamtazama dobi. "Uliyasoma?"

"Mstari mmoja tu."

"Niambie."

Dobi aliusema polepole, akichunga asipoteze hata neno. "Neno hili nimelibadili baada ya kukusikia ukilisoma."

Shangazi alifumba macho. Fundi hakuweza kuona kilichopita usoni mwake, lakini mkewe alikiona, na hakikuwa na uzee wowote ndani yake.

"Ndiyo," Shangazi akasema. "Ndiyo, ndivyo alivyoandika. Endelea."

Dobi akatazama mikono yake, ambayo bado ilinuka limau.

"Endelea, mwanangu." Akakisukuma kitabu kwake, macho bado ameyafumba. "Ukurasa unaofuata kuna mengi. Nisomee."

Dobi akakipokea. Akakifungua, akageuza mpaka lile shairi fupi, akageuza ukurasa unaofuata, akauelekeza dirishani kwenye mwanga, akaanza kutafuta.